MFICHA UCHI HAZAI: MAZUNGUMZO KWA VIJANA JUU YA UZAZI WA KUSAIDIWA

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya vijana wa Buhongwa, Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, wake kwa waume, waliomaliza skuli, walioanza kazi na walio karibu kufunga ndoa. Miongoni mwao wamo waliotoka Unguja na Pemba ambao wako huko kwa masomo na biashara. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa kuwa suala lenyewe halina bara wala visiwa, na kwa kuwa watumishi wa serikali, masheha na wazazi huulizwa mambo haya mara kwa mara nao wakakosa pa kuanzia.



Ndoa ikishafungwa, watu huanza kuhesabu miezi. Mwezi wa tatu mawifi huuliza kwa mzaha. Mwezi wa sita mama mkwe huuliza kwa upole. Na mwaka ukipita bila ya dalili, suali huwa si suali tena bali ni hukumu. Mara nyingi hukumu hiyo humwangukia mwanamke peke yake. Ataitwa tasa, atapelekwa kwa waganga, ataletewa mke mwenza, au atarejeshwa kwao na mahari kudaiwa, na muda wote huo mumewe hajapimwa hata mara moja.

Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza njia ambazo elimu ya utabibu inazo za kuwasaidia watu wa namna hiyo kupata mtoto, kazi ya kila njia na mipaka yake. Aidha ni kueleza jambo moja linalosahauliwa sana: kwamba msaada wa kwanza wa uzazi hautolewi katika maabara ya mamilioni ya shilingi, bali katika zahanati ya karibu, miaka mingi kabla ya mtu kuanza kutafuta mtoto.

UGUMBA NI NINI

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba pana tatizo la uzazi pale mume na mke wanapokaa miezi 12 au zaidi, wakikutana kama kawaida ya ndoa na bila ya kutumia kinga ya mimba, wasipate mimba. Kwa hivyo miezi mitatu si ugumba, wala miezi sita si ugumba kwa mwanamke kijana. Walakini madaktari hushauri kwamba mwanamke aliyetimia miaka 35 asisubiri mwaka mzima. Ikipita miezi 6 aende kupimwa. Hali kadhalika asisubiri yule ambaye hedhi yake haiji kwa mpango au aliyewahi kuugua maradhi ya tumbo la chini, wala mwanamume aliyewahi kupasuliwa korodani.

Mwezi Aprili 2023 Shirika hilo lilitangaza kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake, na kwamba baina ya nchi tajiri na nchi maskini hakuna tofauti kubwa. Maana yake ni kwamba katika kila darasa la vijana 60 wanaomaliza skuli Buhongwa au Mkoani, wapo kama 10 ambao jambo hili litawagusa. Hiyo si laana ya ukoo mmoja wala aibu ya nyumba moja. Ni maradhi kama maradhi mengine, na yanatafutiwa sababu.

Ifahamike pia kwamba ugumba ni wa namna mbili. Upo wa mtu ambaye hajawahi kushika mimba kabisa, na upo wa mtu aliyewahi kushika mimba au kuzaa, kisha akashindwa kupata nyingine. Namna hii ya pili imeenea sana barani Afrika, na mara nyingi hutokana na maambukizi yasiyotibiwa, uzazi usio salama au utoaji wa mimba wa kificho. Kwa hivyo aliyezaa mara moja asijidhanie kwamba amekwishasalimika.

MAMBO MANNE YA KUTUNGA MIMBA

Ili mimba itunge yanahitajika mambo manne. La kwanza ni yai lililopevuka, ambalo kwa kawaida hutoka moja kila mwezi. La pili ni mbegu za kiume zilizo nyingi na zenye nguvu ya kwenda. La tatu ni njia iliyo wazi, yaani ile mirija miwili iliyo baina ya vifuko vya mayai na mji wa mimba. Maana yai na mbegu hukutana ndani ya mrija. La nne ni mji wa mimba ulio mzima, wa kupokea na kulea. Mwenye kuyashika manne haya atafahamu matibabu yote ya uzazi, kwani kila tiba imekuja kuziba pengo la mojawapo.

Katika manne hayo, matatu yako kwa mwanamke na moja liko kwa mwanamume. Lakini hilo moja huonekana kuwa na dosari, peke yake au pamoja na tatizo la mke, katika takriban nusu ya ndoa zinazopimwa. Kwa sababu hiyo kumpima mke peke yake ni sawa na kutafuta kilichopotea katika nusu ya nyumba.

Tena kipimo cha mwanamume ndicho chepesi kuliko vyote. Hutoa shahawa katika chombo safi baada ya kujizuia siku 2 hadi 7, nazo huangaliwa kwa hadubini ili kujua wingi wa mbegu, mwendo wake na umbo lake. Hakuna kisu wala sindano. Mbegu huchukua kiasi cha miezi miwili na nusu kutengenezwa, na kwa hivyo aliyeugua homa kali karibuni huambiwa arudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu.

Wanaume wengi huikimbia hadubini kwa kuchanganya mambo mawili. Nguvu za tendo la ndoa si ushahidi wa uzazi. Mtu anaweza kuwa na nguvu za simba na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Na mwingine mnyonge akawa na mbegu timamu. Matubwitubwi yanayompata mtu baada ya balehe yanaweza kudhuru korodani. Kisonono kisichotibiwa huweza kuziba njia ya mbegu. Na sindano za homoni wanazochoma vijana ili wajaze misuli huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Sigara nayo imo katika hesabu.

NGAZI ZA MSAADA

Msaada wa uzazi ni ngazi, na mtu hupanda daraja moja baada ya jingine. Wengi hupata watoto kabla ya kufika juu.

Daraja la kwanza ni ushauri na dawa. Ikiwa yai halipevuki, zipo dawa za kumeza kama klomifeni na letrozoli za kulihimiza. Dawa hizi si za kununuliwa dukani kwa kuelekezwa na rafiki, kwani huongeza uwezekano wa mapacha, na hazina faida yoyote kwa mwanamke ambaye mirija yake imeziba. Daraja la pili ni upasuaji, kwa mfano wa kuondoa uvimbe unaoharibu nafasi ya mji wa mimba, au wa kufunga mishipa iliyovimba juu ya korodani. Daraja la tatu ni kuziosha mbegu za mume katika maabara, kuchagua zilizo na nguvu, na kuzitia katika mji wa mimba wa mkewe siku ambayo yai limekomaa. Njia hii huhitaji walau mrija mmoja uwe wazi.

Daraja la nne ni utungishaji wa nje ya mwili, ambao wengi huuita upandikizaji mimba. Mwanamke hupewa sindano za homoni kwa muda wa siku 8 hadi 14 hivi, ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja. Yakiwa tayari hupigwa sindano ya mwisho, na baada ya saa kama 36 daktari, akiongozwa na picha ya ultrasaundi, huyatoa mayai hayo kwa sindano nyembamba. Siku ile ile hupatikana mbegu za mume. Yai na mbegu hukutanishwa katika kisahani cha maabara. Yai likirutubika huwa kiinitete. Kiinitete hicho hulelewa kwa siku 3 hadi 5, kisha kimoja, pengine viwili, huwekwa katika mji wa mimba kwa mrija mwembamba. Baada ya wiki mbili hivi mama hupimwa. Mimba ikishika hukua tumboni miezi tisa kama mimba nyingine yoyote, na mtoto huzaliwa kama watoto wengine. Yale maneno ya "mtoto wa chupa" basi si ya kweli. Hakuna mtoto anayekulia katika chupa.

Mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa njia hiyo ni Louise Brown, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, kwa kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Bwana Edwards alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2010. Wapo waliodhani kwamba watoto wa namna hii hawatakuwa na uzazi wao wenyewe. Lakini Louise Brown alijifungua mtoto wake mwezi Disemba 2006 bila ya kuhitaji msaada huo. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza njia ya kudunga mbegu moja tu ndani ya yai moja, na hapo wanaume wenye mbegu chache mno wakapata matumaini. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma: mwezi Mei 2006 walizaliwa Nairobi watoto wa kwanza wa Kenya wa njia hii, chini ya kituo cha Dk. Joshua Noreh. Duniani kote waliozaliwa wamekwishapindukia milioni 10.

Hata hivyo njia hii si muujiza. Uingereza, ambako kila jaribio huandikwa kwa mujibu wa sheria, mwanamke wa chini ya miaka 35 hupata mtoto kwa kiasi cha mara 1 katika kila mara 3 anazowekewa kiinitete. Akifika miaka 43 huwa ni chini ya mara 1 katika 10. Kuweka viinitete vingi ili kubahatisha huleta mimba za mapacha watatu au wanne, ambazo ni hatari kwa mama na watoto. Na zile sindano za homoni huweza kuvimbisha vifuko vya mayai kupita kiasi, jambo linalohitaji uangalizi wa daktari kila baada ya siku chache.

NJIA ILIYOZIBA NA FUNZO LA MWANZA

Ni vyema kuuliza kwa nini njia hiyo ilibuniwa. Mama wa Louise Brown alikuwa na mayai, na mumewe alikuwa na mbegu, lakini mirija ya mama ilikuwa imeziba. Madaktari walitafuta namna ya kuiruka njia iliyoziba. Na kuziba huko ndiko kunakoisumbua Afrika kuliko sehemu nyingine. Uchunguzi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, uliofanywa katika vituo 33 vya nchi 25 na kuchapishwa mwaka 1985, ulionyesha kwamba wanawake wa Kiafrika waliopimwa walikuwa na mirija iliyoharibiwa na maambukizi kwa kiwango kilichozidi sana wenzao wa mabara mengine.

Maambukizi hayo aghalabu ni kisonono na klamidia. Kwa mwanamume kisonono huuma na kutoa usaha, basi hukimbilia dawa. Kwa mwanamke kinaweza kukaa kimya, kikapanda hadi kwenye mirija, kikaacha makovu, naye asijue mpaka siku anayotafuta mtoto. Binti wa miaka 19 aliyeambukizwa leo anaweza kuja kulia akiwa na miaka 27, na wala asikumbuke chanzo cha kilio chake. Mrija uliobaki na makovu huweza pia kuinasa mimba nje ya kizazi, na mimba hiyo ikipasuka huweza kumuua mama kwa muda mfupi.

Hapa Mwanza ina jambo la kujivunia na la kujifunza. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika mkoani humo utafiti katika jamii 12. Katika jamii 6, watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikapelekwa bila ya kukatika, na wakaguzi wakawatembelea. Katika jamii 6 nyengine mpango huo ulikuwa bado haujafika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na yakasomwa dunia nzima: pale penye mpango huo, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Hapakujengwa hospitali mpya wala kuletwa mashine kubwa. Kilichofanya kazi ni mtumishi aliyefundishwa, dawa iliyopo rafuni, na mgonjwa aliyethubutu kuja.

Utafiti mwingine wa mkoani humo, uliofanyika hospitalini na kuchapishwa mwaka 1997, ulikuta kwamba wanawake waliokuja kutafuta tiba ya ugumba walikuwa na maambukizi ya VVU kwa kiwango kilichozidi sana cha wanawake wenye uzazi. Sababu haiko mbali na macho. Anayeachwa kwa kukosa mtoto huolewa tena, na tena, au hutafuta mimba kwa siri nje ya ndoa. Na kila mlango mpya una hatari yake. Kwa hivyo ulimi unaomwita mwanamke tasa si ulimi wa maneno matupu. Unaweza kumsukuma mtu kaburini.

Lakini kujua peke yake hakutoshi, na hilo pia Mwanza imelithibitisha. Mwaka 1999 ulianza mpango wa MEMA kwa Vijana katika jamii 10 kati ya 20 za utafiti mkoani humo, wa kufundisha afya ya uzazi katika skuli za msingi na kuzifanya zahanati ziwapokee vijana vizuri. Tathmini iliyofanyika miaka mingi baadaye ilikuta kwamba ujuzi wa vijana uliongezeka na ukadumu, ila maambukizi hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Ujuzi ulikuwapo kichwani. Miguu haikwenda zahanati, na nyumbani mambo yaliendelea kama zamani. Hili ni onyo kwa kila mwenye kuandaa mazungumzo ya namna hii, na kwa kila mwenye kuyasikiliza.

KICHOCHO: MARADHI YANAYOUNGANISHA ZIWA NA VISIWA

Ipo sababu nyingine ambayo haina uhusiano wowote na zinaa, nayo ni kichocho. Kandokando ya Ziwa Victoria kinachoenea zaidi ni kichocho cha tumbo. Lakini ndani ya Usukuma, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kipo kichocho cha mkojo. Unguja na Pemba kilichopo ni hicho hicho cha mkojo, na tokea mwaka 2012 Visiwani iliendeshwa kampeni kubwa ya kukitokomeza, kwa kugawa dawa, kuua konokono wa mitoni na kuelimisha watu.

Watu wengi wanajua kwamba kichocho hukojoza damu. Wachache wanajua kwamba mayai ya minyoo hiyo hunasa pia katika shingo ya kizazi na katika mirija, yakaleta vidonda, damu baada ya tendo la ndoa, na hatimaye ugumba. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Kwa hivyo mwanamke mwaminifu, aliyeyapata maradhi utotoni kwa kuteka maji na kufua mtoni, hudhaniwa mzinifu na kuachwa. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo inafaa zaidi ikinywewa mapema, kabla ya makovu. Mzazi anayemzuia mwanawe kumeza vidonge hivyo skuli anapaswa afahamu kwamba huenda anamzuilia wajukuu.

UMRI NA HABARI ZA MAGAZETINI

Mwezi Novemba 2023 zilienea habari za mama mwenye umri wa miaka 70 aliyejifungua mapacha jijini Kampala kwa njia ya upandikizaji. Habari hizo ni za kweli, lakini wengi hawakuzisoma hadi mwisho: yai lililotumika halikuwa la mama huyo. Mji wa mimba huweza kusaidiwa kwa dawa hata umri ukiwa umekwenda. Yai halirudishwi ujana. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, nayo hupungua kwa idadi na ubora kila mwaka, hasa baada ya miaka 35. Kijana anayeahirisha uzazi kwa ajili ya masomo au kazi hafanyi kosa, ila apange akijua hesabu hiyo.

DINI ZINASEMAJE

Vijana wengi huuliza kama kutafuta mtoto kwa njia hizi ni kushindana na Muumba. Suali hilo ni la haki, na majibu hayafanani.

Kwa upande wa Uislamu, Al-Azhar ya Misri ilitoa fatwa mwaka 1980 kwamba utungishaji wa nje ya mwili unajuzu maadamu mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na ndoa ingalipo. Na kwamba mtu wa tatu hafai kuingizwa, awe mtoa mbegu, mtoa yai au mwenye kubeba mimba kwa niaba. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jedda lilichukua msimamo wa namna hiyo katika kikao chake cha Amman mwaka 1986. Baadhi ya wanazuoni wa Kishia wana rai nyingine juu ya mtu wa tatu. Shabaha kubwa ya fatwa hizo ni kuhifadhi nasaba. Kwa hivyo Mwislamu anayekwenda katika kituo chochote ana haki ya kuhakikishiwa kwamba mbegu na mayai hayatachanganywa na ya wengine.

Kanisa Katoliki, katika waraka wa Donum Vitae wa mwaka 1987, halikubali utungishaji wa nje ya mwili hata baina ya mume na mke, ingawa linaridhia tiba zinazolisaidia tendo la ndoa lenyewe lizae. Madhehebu mengi ya Kiprotestanti hayakuweka katazo kama hilo. Kila mmoja amwendee sheikh wake au padri wake kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza fedha.

Ila katika jambo moja dini hazikupingana. Waislamu na Wakristo wote wanasoma habari za Zakaria, aliyeomba mtoto naye ni mzee na mkewe hazai. Hakuna kitabu kilichomfanya mke yule kuwa mkosa.

GHARAMA, HADAA NA MASUALI YA KUULIZA

Duru moja ya upandikizaji hugharimu mamilioni ya shilingi, na duru moja mara nyingi haitoshi. Penye shida kubwa na fedha nyingi, walaghai hawakosekani. Wapo wanaouza dawa za "kusafisha kizazi" na kuzibua mirija. Lakini mrija uliofungwa na kovu hauzibuliwi na chai ya mizizi. Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa kali huleta maambukizi mapya. Dua haina madhara kwa mtu yeyote. Kinachodhuru ni miaka mitano kupita kwa mganga huku umri ukienda.

Anayefika katika kituo cha uzazi asione haya kuuliza. Aulize ni jambo lipi katika yale manne limepungua, na limegunduliwa kwa kipimo gani. Aulize ni wenzi wangapi wa umri wake waliopata mtoto aliye hai, maana kituo kinaweza kutangaza idadi ya mimba na kunyamazia zilizoharibika. Aulize bei iliyotajwa inajumuisha dawa au la, viinitete vitawekwa vingapi, na vitakavyobaki vitafanywa nini. Kituo kinachochukizwa na masuali hayo si pahala pa kuacha fedha wala siri.

Wenye kuishi na VVU nao wasikate tamaa. Anayetumia dawa zake barabara hadi virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na mtoto anaweza kuzaliwa salama. Jambo la lazima ni kupanga mapema pamoja na daktari.

Na wapo ambao baada ya yote hawatazaa. Kwao nyumba haijafungwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara imeweka utaratibu wa kuasili mtoto, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inautambua ulezi wa kafala. Ndoa isiyokuwa na mtoto ni ndoa kamili, na heshima yake haipungui.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hii hutajwa kwa mambo mengi, lakini hapa inasimama kwa maana yake ya asili. Kijana aliyeona usaha, kidonda, maumivu ya tumbo la chini au damu katika mkojo, aende zahanati siku hiyo hiyo, na mwenzake atibiwe pamoja naye, amalize dozi. Kwa Mwanza njia ya rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya, ikafika Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure na Hospitali ya Bugando. Kwa Visiwani huanzia kituo cha afya cha karibu, ikafika Mnazi Mmoja kwa Unguja na Abdalla Mzee kwa Pemba.

Wanaotaka kuoana wazungumze habari hizi kabla ya harusi, na waagane kwamba ikitokea haja ya kupimwa watakwenda wote wawili, mume akiwa wa kwanza, kwa kuwa kipimo chake ndicho chepesi. Wazazi, mawifi na mashemeji wapunguze kuhesabu miezi ya watu. Watumishi wa afya wanakumbushwa kwamba kijana mmoja aliyekaripiwa dirishani harudi tena, na huwazuia wenzake kumi. Walimu na masheha wanaombwa kuwahimiza watoto kumeza dawa za kichocho kila zinapoletwa.

Elimu ya kusaidia uzazi ni neema, na wale ambao njia zao zimekwishaziba wanastahiki kuifikia bila ya kuchekwa. Lakini katika kila msichana na mvulana wa Buhongwa na wa Visiwani anayetibiwa leo kwa vidonge vya bei ndogo, pana baba na mama wa kesho ambao hawatahitaji kupanda ngazi hiyo.